Pepo na Roho: Habari za Maneno Mawili katika Vita Visivyoonekana

Mtu asomaye Injili ya Marko katika Kigiriki, akiisoma sura ya kwanza peke yake, hulikuta neno pneuma mara sita. Mara tatu ni Roho wa Mungu: yule ambaye Yohana awatangazia watu kwamba watabatizwa kwake, yule ashukaye mfano wa hua, na yule ampelekaye Yesu jangwani. Mara tatu nyingine ni yule mchafu aliyempagaa mtu katika sinagogi la Kapernaumu. Neno ni lile lile. Kinachowatenga ni sifa tu, huyu mtakatifu na yule mchafu. Msomaji wa Kiswahili haoni jambo hili. Yeye huona Roho mahali pa kwanza na pepo mahali pa pili, maneno mawili yasiyo na ujamaa, wala hapati kudhani kwamba mwandishi wa Injili alitumia neno moja.

Hatusemi kwamba wafasiri walikosa. Twasema kwamba chaguo hili limefanya kazi kubwa katika akili za Wakristo wa nchi zetu, kuliko mahubiri mengi. Habari za vita vya Mkristo na nguvu asizoziona hazikutufikia uchi. Zilikuja zimevaa maneno, na maneno hayo yalikuwa yamekwisha kuvaliwa na wengine kabla yetu.

Na tuanze na maneno yenyewe. Roho tumelipata kwa Waarabu, nalo ni ndugu wa ruah la Kiebrania, ambalo maana yake ni upepo, na pumzi, na roho pia. Shetani nalo limetoka kwa Waarabu, na ndugu yake wa Kiebrania maana yake ni mshindani, mtu asimamaye kukupinga. Ibilisi limesafiri safari ya ajabu zaidi. Wataalamu wengi hudhani kwamba asili yake ni diabolos la Kigiriki, yaani msingiziaji. Likaingia Kiarabu, likakaa katika Kurani, likavuka bahari pamoja na majahazi, hata likawa neno la watu wa pwani. Kisha wafasiri wa Injili, walipotafuta neno la kusimama mahali pa diabolos, wakalitwaa hilo hilo Ibilisi. Basi limerudi kwao kwa njia ya kuzunguka.

Pepo, lakini, ni la Kibantu tupu. Ni jamaa ya upepo, na kupepea, na kipepeo. Kwa asili yake, kuliko neno lolote jingine la Kiswahili, ndilo lililofanana na pneuma na ruah. Yesu aliposema na Nikodemo usiku alilitumia neno moja kwa upepo uvumao na kwa Roho azaliaye. Kiswahili kimelazimika kuyatenga, na mwalimu hana budi kuieleza habari hiyo ubaoni. Kama wangalitafuta ulinganifu wa asili peke yake, wafasiri wa kwanza wangaliweza kulifikiria neno hili kwa Roho wa Mungu. Hawakuweza, kwa kuwa watu wa pwani walikuwa wamekwisha kulipa kazi nyingine.

Na hapa pana jambo ambalo kila aliyefundisha dini katika shule za vijijini amelikuta. Peponi ni mahali pa raha ya milele. Yule mnyang'anyi aliyetubu msalabani aliahidiwa kuwa huko siku ile ile. Mtoto husimama akauliza imekuwaje pepo wafukuzwe katika watu, na watu wakifa watamani kwenda peponi. Twamjibu kwamba pepo ya raha ina ngeli yake, pepo hiyo, na pepo wa maradhi ana ngeli yake, pepo huyo. Sarufi ni kweli, ila hatujamwona bado mtoto aliyeketi ameridhika.

Je, huyo pepo wa maradhi alikuwa nani kabla ya kuja Biblia? Atakaye kujua na asome kitabu cha Desturi za Wasuaheli, alichokitoa Carl Velten huko Göttingen mwaka 1903. Sehemu kubwa yake ni kazi ya Mtoro bin Mwinyi Bakari, mtu wa Bagamoyo, aliyekwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mtoro aeleza mambo ya pepo kama aelezavyo arusi na kilimo na safari za bara, nayo ni sehemu ya maisha ya watu. Pepo wake si jemadari wa jeshi lipigalo vita na Mungu. Ni mgeni mzito.

Mambo yalikwenda hivi. Mtu aliugua, dawa za majani zisimfae. Mganga akapiga ramli, akasema ana pepo. Ndipo hufukizwa, na ngoma hupigwa usiku baada ya usiku, watu wakiimba nyimbo za kila namna ya pepo, hata ufike wimbo wa pepo aliye naye. Hapo mgonjwa hutikisika na pepo humpanda kichwani akasema kwa kinywa chake. Mganga humwuliza: Jina lako nani? Watoka wapi? Wataka nini? Naye hujibu, mara nyingine kwa lugha ambayo mgonjwa mwenyewe haijui vema, hutaja kabila lake, kisha hudai haki yake: nguo ya rangi fulani, pete, chano cha vyakula, damu ya mbuzi au ya kuku. Akipewa hutulia. Wala si lazima aondoke. Mara nyingi hubaki, na yule mgonjwa huwa kiti chake, huingia katika chama cha wenzake waliopandwa na pepo wa namna ile, na baada ya miaka huenda akawa fundi wa kuwapunga wengine. Kupunga kwenyewe ni neno la upole. Apungaye mkono hamfukuzi mtu, na akaaye barazani jioni husema anapunga upepo.

Majina ya pepo hawa ni mengi: kinyamkera wa kisulisuli, dungumaro, kitimiri, na wengineo. Huko Unguja wameainishwa kwa makabila na dini. Ruhani ni Waarabu na Waislamu, wapenda udi na marashi. Rubamba ni wa Pemba. Kibuki hutoka Bukini, yaani Madagaska, nao husemwa kuwa ni Wakristo, hudai kinywaji kikali wapandapo. Mkristo ahubiriye vita na pepo wote atafakari habari hiyo kidogo. Kwa kweli orodha ya pepo wa pwani ni kama daftari ya forodhani: kila taifa lililotia nanga, au lililoletwa kwa nguvu, limeacha pepo wake.

Jini naye, kwa mafundisho ya Waislamu, si mbaya wote. Sura ya 72 ya Kurani hueleza majini waliosikia ikisomwa wakaamini. Basi watu wa pwani waliishi na viumbe wasioonekana wa tabia mbalimbali, wema na wabaya, wenye dini na wasio na dini, na hekima ilikuwa kujua unaye nani na adai nini. Wengi waliopandwa walikuwa wanawake. Wenye ulimi mkali walisema ni hila ya kumtoza mume nguo mpya. Sisi twaona neno hilo ni jepesi mno. Mke asiyesikizwa nyumbani alisikizwa kilingeni, na dai ambalo yeye asingethubutu kulitamka, pepo alilitamka mbele ya jamaa zote, na jamaa wakalipa.

Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka huo huo akamzika mkewe na mtoto wake, na mwaka huo huo akaanza kukifasiri kitabu cha Mwanzo. Kamusi yake kubwa ilitoka London mwaka 1882, mwaka mmoja baada ya kufa kwake. Edward Steere wa Unguja alitoa kitabu chake cha sarufi mwaka 1870, akawa Askofu mwaka 1874, akafa mwaka 1882 bila kuiona Biblia nzima ya Kiunguja. Kimvita kilipata Biblia yake mwaka 1914. Dr. Karl Roehl akatoa ya kwake mwaka 1937, akijitahidi kuyapunguza maneno ya Kiarabu. Na kabla ya hapo, katika miaka ya 1930 na 1931, yeye na Canon Broomfield walikuwa wamebishana sana katika maandishi juu ya jambo hilo. Hata ilipotoka Biblia ya Muungano mwaka 1952, roho, shetani, ibilisi na malaika, yote ya Kiarabu, yamo, na pepo wa Kibantu amebaki upande wa giza.

Watu husema kwamba Wazungu hawa walizisoma habari za pepo vitabuni tu, nao hawakuziamini. Hilo si kweli kwa wote. Krapf alitoka Württemberg. Katika nchi hiyo hiyo, katika kijiji cha Möttlingen, mchungaji Johann Christoph Blumhardt alikaa miaka miwili akimwombea mwanamke mmoja, Gottliebin Dittus, aliyesemwa kuwa amepagawa, hata mambo yakaisha mwishoni mwa Desemba 1843, siku chache tu kabla ya mwaka ule Krapf alioshuka Mombasa. Blumhardt alikuwa amefundisha katika chuo cha misioni cha Basel, chuo alichosomea Krapf.

Waingereza walikuwa na hali nyingine. Kitabu chao cha Sala cha mwaka 1549 kilikuwa na maneno ya kumwamuru pepo mchafu amtoke mtoto abatizwapo; katika kitabu cha mwaka 1552 maneno hayo yakaondolewa. Na kanuni ya 72 ya mwaka 1604 ikamkataza padre kujaribu kutoa pepo kwa kufunga na kuomba pasipo idhini ya Askofu. Basi wamisionari wa Kianglikana walitupa Biblia iliyojaa pepo pamoja na Kitabu cha Sala kisicho na ibada ya kuwatoa. Kilichobaki ni kiapo cha ubatizo, kumkataa Shetani na kazi zake zote. Mapadre wa Kirumi, waliofika Bagamoyo mwaka 1868, walikuwa na ibada yao iliyopigwa chapa tangu mwaka 1614, lakini haikuruhusiwa kwa kila padre wala kwa kila ugonjwa. Na mtu wa pwani, aliyezoea kuona ngoma za siku saba kwa homa ya mke mmoja, aliona Wazungu wana maneno makali juu ya pepo na matendo machache.

Tutazame sasa mahali ambapo wafasiri walionyesha kwamba walijua sana walichokuwa wakifanya. Yesu na mitume katika Kiswahili hawapungi pepo, huwatoa. Kutoa ni neno la nguvu na la mwisho, hakuna chano wala kiti. Lakini katika Matendo ya Mitume, sura ya 19, pana Wayahudi waliotangatanga huko Efeso, wakijaribu kuwafukuza pepo kwa kulitaja jina la Yesu ambaye Paulo alimhubiri. Pepo akawakana, na yule mtu aliyepagawa akawarukia, wakakimbia wamejeruhiwa, uchi. Hao Biblia ya Muungano imewaita wapunga pepo. Kadhalika katika Kumbukumbu la Torati, palipoorodheshwa waaguzi wa Kanaani, yumo apandishaye pepo. Kwa maneno mawili matatu tu wafasiri waliichukua kazi yote ya kilinge wakaiweka upande wa wana wa Skewa. Aliyezaliwa pwani hahitaji mafafanuzi. Hukumu imo ndani ya kitenzi.

Walakini hadithi zenyewe hazitengeki kwa urahisi hivyo. Katika nchi ya Wagerasi Yesu amkuta mtu akaaye makaburini, amwuliza pepo jina lake, naye ajibu kwamba ni jeshi zima. Kisha pepo wadai jambo: wasifukuzwe katika nchi ile, bali waruhusiwe kuwaingia nguruwe. Naye awapa ruhusa. Msikilizaji wa Kizungu hushangaa juu ya hasara ya nguruwe. Msikilizaji wa pwani aliitambua mara moja njia nzima: jina lako nani, wataka nini, twaa uende. Kitu kipya kwake kilikuwa kingine. Mganga hakulipwa, pepo hakurudi, na yule mtu hakuwekwa awe kiti cha mtu yeyote, wala hakupewa ruhusa ya kumfuata bwana wake mpya. Aliambiwa arudi nyumbani kwa jamaa zake.

Efeso tuliyoitaja ulikuwa mji wa uganga. Matendo ya Mitume husema kwamba waliokuwa wakitumia uchawi walivikusanya vitabu vyao wakavichoma mbele ya watu, na thamani yake ilihesabiwa kuwa vipande 50,000 vya fedha. Na ni katika Waraka kwa Waefeso, sura ya 6, kwamba Mkristo huambiwa avae silaha zote za Mungu, kwa kuwa mshindani wake si mtu wa nyama na damu. Maneno hayo, kwa maoni yetu, yaliandikwa kwanza kuwatuliza watu waliokuwa na hofu ya kila siku: hofu ya nyota, ya majina yaliyoandikwa kwenye hirizi, ya mizimu ya njia panda. Silaha zitajwazo ni kweli, na haki, na amani, na imani. Hakuna kafara hata moja.

Kanisa la kwanza lilishika kazi hiyo kwa utaratibu. Barua ya Kornelio, Askofu wa Rumi, ya mwaka 251 hivi, iliyohifadhiwa na Eusebio, yahesabu watumishi wa Kanisa la mji ule, na pamoja nao 52 waliokuwa watoa pepo, wasomaji na mabawabu. Katika karne ya 4 huko Yerusalemu wenye kutaka ubatizo walisimamishwa wameelekea magharibi, upande wa giza, wakanyosha mkono wakamkataa Shetani kana kwamba yupo pale. Daraja ya mtoa pepo ilikaa katika Kanisa la Rumi mpaka Papa Paulo wa 6 alipoiondoa mwaka 1972. Twaieleza habari hii kwa haraka ili ionekane kwamba kwa Wakristo wa kale kazi hiyo ilikuwa ya ofisi, yenye mtu wake na mipaka yake.

Katika nchi zetu mambo yalikwenda kwa njia nyingine. Misioni nyingi zilipiga marufuku ngoma za pepo kwa Wakristo wao, na aliyeonekana kilingeni alitengwa na Meza ya Bwana. Pamoja na hayo neno Shetani likapanuka kama maji ya mafuriko. Ruhani akawa Shetani, kinyamkera akawa Shetani, na huko bara mizimu, yaani babu na bibi waliozikwa nyuma ya nyumba, nayo ikawa Shetani. Hili la mwisho ndilo lililouma. Mzee aliyewamwagia wafu wake unga hakudhani kwamba anaita adui. Alidhani anawasalimu wazazi. Alipoambiwa kwamba wazazi wake ni pepo wachafu, wengine walikubali kwa machozi, wengine walinyamaza wakaendelea usiku. Twamheshimu mwalimu aliyejua kutenga mambo haya mawili. Hawakuwa wengi.

Na yule mke wa kilingeni je? Alipewa hospitali na sala, navyo ni vitu vikubwa. Wengi walipona waliokuwa wakiitwa wenye pepo, nao walikuwa na malaria au kifafa. Lakini mahali pa kusema dai lake mbele ya jamaa hakupewa.

Ndipo tuelewe mambo yaliyofuata. Uamsho ulioanza Rwanda na Uganda katika miaka ya 1930, ukafika Kenya na Tanganyika kabla ya mwisho wa miaka ile, uliwapa watu mahali pa kuungama kwa sauti, ingawa vita vyake vilikuwa na dhambi zaidi kuliko pepo. Baadaye, kuanzia mwaka 1972 hata kufa kwake mwaka 1975, Edmund John wa Dar es Salaam, asiye padre, ndugu yake Askofu Mkuu John Sepeku, aliwaombea wagonjwa na kutoa pepo mbele ya makutano makubwa. Kitu ambacho Kitabu cha Sala kilikiacha mwaka 1552 kilirudi mikononi mwa mlei wa Kianglikana.

Leo maneno yaliyo vinywani mwa wahubiri ni vita vya kiroho na ulimwengu wa roho. La pili lina historia yake. Katika Waraka kwa Waefeso Kigiriki husema tu mahali pa mbinguni. Ni Biblia ya Muungano iliyofasiri ulimwengu wa roho, katika sura ya 1 wanapobarikiwa waamini na katika sura ya 6 wanaposimama pepo wabaya. Kwa Kigiriki msomaji hutazama juu. Kwa Kiswahili hutazama pembeni, upande wa pili wa pazia, ambako babu zake walijua siku zote kwamba pana watu. Mafundisho ya Marekani ya miaka ya 1980 na 1990, ya C. Peter Wagner na wenzake, kwamba kila mji na kila nchi ina pepo mkuu wake, yalikuta kwetu nyumba imekwisha kujengwa. Watu waliokuwa na mzimu wa kila mlima na kila mbuyu hawakuwa na haja ya kufundishwa sana.

Ukienda katika mikutano hiyo ya maombezi utaona wengi waangukao ni wanawake. Pepo hupanda, hulia, hutikisa mwili. Mhubiri humkemea kwa jina la Yesu, kisha humwuliza: Wewe nani? Umetoka wapi? Nani amekutuma? Naye hutaja jina, na kabila, na mara nyingi mto au mji wa pwani alikotoka; hutaja na jirani au wifi aliyemtuma, na hapo ndipo pana hatari, maana pepo wa kilinge alidai nguo, na huyu wa leo hushitaki watu. Tumeona nyumba zimevunjika kwa ushuhuda wa pepo, ambaye Injili hiyo hiyo humwita baba yake mwongo. Hakuna mahali katika Injili ambapo Yesu amwuliza pepo ni nani aliyemtuma.

Mhubiri huyo huita kazi yake kutoa pepo. Ukiiita kupunga, atakasirika.